Nikifuata madeni: Malindi hadi Kizingitini, Oktoba 2020

Jumatatu, Malindi

Leo darasa la nne, darasa la nane na kidato cha nne wamerudi shuleni, na tangu alfajiri sare zilikuwa zikipita mbele ya duka. Ami alisimama mlangoni akiwatazama mpaka wa mwisho, kisha akaniita ndani. Juu ya meza alikuwa ameweka daftari kubwa la madeni na karatasi yenye majina ya wenye maduka ambao hawajalipa tangu mwanzo wa mwaka.

"Usiende kama askari," akaniambia. "Kila utakapofika, omba uone daftari lao. Langu nalijua. Nataka kujua la kwao linasema nini."

Ami anauza jumla: unga, mchele, sukari, mafuta, majani ya chai, sabuni. Sisi tunachukua mali Mombasa kwa mkopo, mwenye duka wa kijijini anachukua kwetu kwa mkopo, na mwanakijiji anachukua kwake kwa mkopo, robo ya sukari, kibaba cha unga, mafuta ya kupima. Pesa hurudi kwa njia ileile, mvuvi akiuza, mgema akiuza, kijana wa hoteli akipata mshahara. Benki haimo popote hapo katikati. Ni daftari na kujuana. Mwaka huu mali ilikwenda, pesa hazikurudi.

Hapa mjini kila mtu anaijua sababu. Malindi imeishi kwa Waitaliano miaka mingi, mpaka wauza vinyago wanabishana bei kwa Kiitaliano. Italia ilipofungwa nzima tarehe 9 Machi, Kenya ilikuwa haijatangaza mgonjwa hata mmoja wa korona, lakini huku wageni walishaanza kuvunja safari. Mgonjwa wa kwanza akatangazwa tarehe 13. Kafyu ikaanza tarehe 27, na tarehe 8 Aprili kaunti yetu ya Kilifi ikafungwa pamoja na Kwale na Mombasa. Hakuna kutoka, hakuna kuingia, isipokuwa mizigo, mpaka tarehe 7 Julai.

Jioni nikaanza na deni la karibu, la mama karanga anayekaanga samaki njia ya kutokea diko, pwani wanapotua wavuvi. Huchukua kwetu mafuta, jerikani nzima. Alinikaribisha kibao, akaendelea kugeuza vipande huku akizungumza.

"Samaki wangu ni wa magharibi, mwanangu. Mtu atoke kazini, asali, ndipo aje kununua kipande chake cha kulia ugali. Kafyu ilikuwa saa moja. Nani atakuja kununua samaki saa kumi, jua linawaka?"

Alijaribu kukaanga mchana. Waliobaki aliwarudisha nyumbani, kesho yake akawapasha moto upya, na wasiponunuliwa tena waliliwa na wanawe. Mwezi wa Juni kafyu iliposogezwa hadi saa tatu ndipo akaanza kuona faida kidogo. Alinihesabia shilingi mia tano, noti za hamsini na mia, zote zinanuka samaki. Nikaziandika. Kumwambia hazitoshi singeweza, na ami asingetaka nimwambie.

Jumanne, Marafa

Matatu ya watu kumi na wanne inabeba wanane, nauli imepanda, na bado kondakta anadai hapati kitu. Tukavuka daraja la Sabaki, tukashika njia ya Magarini mpaka Marafa.

Watu wa mbali wanaijua Marafa kwa sababu ya Nyari, lile bonde la udongo mwekundu na mweupe lililomeguka kama keki. Wageni wake si wengi, lakini kila mgeni ana mtembezaji wake, ana soda yake, ana ndizi zake, na kiingilio hubaki kuwafaa watu wa hapo. Zaidi ya Nyari, Marafa inategemea vijana wake walioajiriwa hoteli za Malindi na Watamu, mashamba ya mahindi, na mnazi. Vilabu vya pombe vilifungwa tangu Machi, vimeruhusiwa tena mwisho wa mwezi uliopita. Kwa hivyo mgema naye alikaa miezi sita anapanda minazi yake akijua hana pa kuuza ila kwa kujificha.

Mama mwenye duka alinipa daftari lake bila kusita. Ni la kurasa mia mbili, jalada limelegea, pembe zimeingia mafuta. Nililisoma kwenye gunia mlangoni, na mpaka sasa sijasoma habari yoyote ya korona iliyonishika kama ile.

Februari, ukurasa wa jirani mmoja: unga, sukari, majani, mafuta, sabuni, biskuti, kalamu. Kila Jumamosi mstari unapigwa, "amelipa". Mwisho wa mistari hiyo ni katikati ya Machi. Aprili biskuti hazipo, kalamu hazipo. Mei sukari inapotea. Majani yanaendelea wiki mbili peke yake, chai ya rangi bila sukari, halafu nayo yanakoma. Juni ni unga, chumvi, kiberiti. Kisha unga nusu. Kisha unga robo, chumvi. Nikafungua ukurasa wa nyumba nyingine, na nyingine. Vitu vilikuwa vikiondoka kwa mpangilio uleule, kila nyumba.

"Hapa mbona waliacha kuchukua?" nilimuuliza. Julai kurasa zilikuwa karibu tupu, nikaogopa jibu.

"Mahindi yaliiva," akasema. "Mungu alitukumbuka kwa mvua."

Alinionyesha pia jumbe za M-Pesa kwenye simu. Tangu Machi kutuma mpaka shilingi 1,000 hakuna makato, na watoto wa watu walikuwa wakimtumia yeye moja kwa moja, mia mbili, mia moja hamsini, "mpe mama unga". Aprili jumbe ni nyingi. Mei zinakatika, maana waliokuwa wakituma nao walishasimamishwa kazi, na walikuwa wamefungiwa mjini wakilipa kodi ya chumba.

Mwanawe wa darasa la nane jana amerudi shule. Wa darasa la saba yuko nyumbani, anauza maji ya baridi kwenye pakiti, na hakuna aliyemwambia atarudi lini.

Mama huyu alikula mtaji wake wote, nao uliliwa na kijiji kizima. Serikali ilipunguza VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, lakini unga wa mahindi hautozwi kodi hiyo, na robo ya chumvi haiwezi kushuka bei. Benki Kuu iliziruhusu benki ziwaongezee muda wakopaji wao. Mpango wa Kazi Mtaani ulitungwa kwa ajili ya vijana wa mitaa ya mabanda mijini. Sikatai, yote hayo yalimfaa mtu mahali. Lakini mwenye duka wa Marafa, aliyelisha nyumba hizi kwa kalamu na daftari, hakuna aliyemuuliza amebakiwa na nini. Rafu zake zina chumvi, viberiti, sabuni ya kipande na majani ya shilingi tano.

Jumatano, njiani

Basi la Lamu. Garsen, Witu, vitambulisho mkononi, kushuka na kupanda kila kizuizi. Barabara bado inatengenezwa na vumbi lilitufanya barakoa ziwe na kazi mbili. Mokowe tulifika alasiri, nikapanda boti kwenda Amu, yaani mji wa Lamu. Nahodha alilalamikia mafuta: abiria nusu, injini inakula vilevile.

Alhamisi, Amu

Huku kafyu si neno jipya. Mwaka 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni, watu wa Lamu walikaa chini ya kafyu miezi kadhaa, na Januari mwaka huu, kabla ya korona, shambulizi la kambi ya Manda Bay lilishawatisha wageni. Kwa hivyo korona iliukuta mji tayari umechoka.

Ndege za ndani zilisimama, zikarudi katikati ya Julai, na za nje tarehe 1 Agosti. Lakini kuruhusiwa kuruka si kujaa watu. Kule Shela, aliniambia mpwa wa mwenye nyumba niliyolala, nyumba nyingi zina walinzi tu. Mashua za kutembeza wageni zimevutwa juu mchangani, na nyingine mbao zimeanza kuachana kwa kukosa maji.

Mwenye duka wetu hapa, karibu na Mkunguni, amelipa deni lote. Nilishangaa, naye akaniona. Wateja wake ni walimu, wafanyakazi wa kaunti, askari, watu ambao mshahara wao haukukatika. Akaniambia jambo nikaliandika hapo hapo: "Mwenye mshahara wa serikali ndiye aliyeniokoa. Kijiji kisicho na mwalimu wala askari kina nini?"

Wanaoshona kofia ndio walionitia uchungu. Kofia moja ya kazi nzuri huchukua miezi, tundu baada ya tundu, na wanawake hupanga kuimaliza kabla ya Ramadhani ili ivaliwe Idi. Ramadhani ya mwaka huu misikiti ilikuwa imefungwa. Idi ya Mei ilisaliwa majumbani. Mama mmoja alinikunjulia kofia mbili zilizokamilika tangu Aprili, nyeupe kabisa, zimefungwa kwenye mfuko. Mtu amempa bei chini ya nusu na amekataa. Nimefurahi kwamba amekataa.

Ijumaa, Matondoni

Nimekwenda kwa miguu asubuhi mapema, njia ya mchanga ya kukatiza kisiwa, punda wawili wa kokoto mbele yangu.

Duka nimelikuta limefungwa kwa kufuli lenye kutu. Mwenyewe nilimpata pwani, anasaidia kutia kalafati jahazi la ndugu yake, anasokota pamba na kuigongomelea kati ya mbao. Jahazi hilo liliagizwa na mtu wa kutembeza wageni, likalipiwa nusu. Mwenye kuagiza hajaonekana tangu Machi. Limesimama juu ya magogo, mbavu zake upande mmoja bado wazi.

"Ndoo uketi," akaniambia kwa Kiamu, yaani njoo uketi, akapangusa ubao. Nikamsalimia, nikamtajia ami. Akakiri deni kabla sijalitaja, mpaka shilingi ya mwisho, bila kufungua kitabu.

Matondoni huishi kwa majahazi na mikeka. Wanaume wanaunda na kuvua, wanawake wanasuka ukili. Mikeka ilikuwa ikienda Amu, Shela na mahotelini. Majira ya baridi ya Ulaya ndiyo majira yao. Wageni walipoondoka Machi, jahazi na mkeka vilikosa mnunuzi wiki ileile, na watu wote wakageukia baharini wakati mmoja, upepo wa kusi unaingia, samaki wachache na kila mtu anao wa kuuza.

"Ningefunga mapema ningebaki na mtaji," alisema. "Lakini Ramadhani iliingia. Utamwambia nani hakuna unga wa uji, na mwadhini ameshaadhini, na watoto wake unawasikia ukutani?" Alikopesha mpaka Idi. Wiki iliyofuata akafunga.

Nikamuuliza kama anadai. Akanitazama. "Nimdai nani, mwanangu? Wote ni ndugu zangu. Wanaponiona wanakwepa njia. Hilo ndilo linaloniuma, si pesa."

Tulikwenda kusali Ijumaa pamoja. Msikiti umewekewa alama za nafasi, na waliozidi wametandika mikeka nje kwenye kivuli, mikeka mipya kabisa, ile iliyokosa kununuliwa.

Jumamosi, Kizingitini

Boti ya Pate, kisiwa chenye Kizingitini, hutegea maji, maana mkanda wa mikoko hauruhusu chombo maji yakiwa yametoka. Tulitoka Amu yakiwa yanajaa. Bahari imetulia, ni matlai, kusi limekwisha na kaskazi halijaanza.

Deni la Kizingitini ndilo kubwa kuliko yote kwenye karatasi ya ami, na ndilo lililomshangaza zaidi, kwa sababu lilianza mapema. Katika daftari lake malipo ya mwisho kamili kutoka huku ni ya Januari. Ami alidhani mzee mwenye duka amepata mnunuzi mwingine akatuacha.

Mzee alinipokea kwa chai ya maziwa, akaleta daftari lake na akamwita jirani yake, tajiri anayenunua kamba wa baharini. Tukakaa watatu barazani. Mistari ya "amelipa" inakwenda vizuri mpaka wiki ya tatu ya Januari. Kisha hakuna. Februari nzima ni deni juu ya deni, na wakati huo Nairobi watu walikuwa wakisikia habari za korona redioni tu.

Tajiri akanieleza, na nikaona nilivyokuwa nimeitazama korona kutoka upande mmoja. Kamba mawe wa Kizingitini hawaliwi Kizingitini. Hupelekwa Nairobi wakiwa hai, na kutoka hapo wengi hupanda ndege kwenda China. Msimu wake ni kaskazi, Novemba mpaka Machi, maji yanapokuwa safi na mpiga mbizi anaona. Na katika msimu huo kilele ni mwaka mpya wa Kichina. Mwaka huu uliangukia tarehe 25 Januari. Wuhan ilifungwa tarehe 23.

"Nilikuwa nimewajaza matenga, wanangoja baharini," alisema. "Simu ikaja: usilete. Siku mbili, usilete. Wiki, usilete. Kamba hakai hivyo. Wanafinyana, wanakatana miguu, anakufa mmoja mmoja. Nikaanza kuwauza kwa hoteli za Malindi na Watamu kwa bei wanayotaka wao. Machi hoteli nazo zikafunga."

Kijana mmoja mpiga mbizi alikuwa amekaa ngazini akitengeneza miwani yake ya kupigia mbizi, anafunga mpira uliokatika kwa uzi wa nailoni. Nikamwomba anieleze kazi yenyewe. Hubeba pweza kwenye fimbo, akamsogeza mbele ya pango la mwamba. Kamba anamwogopa pweza kuliko anavyomwogopa mtu, hutoka nje upesi, na hapo mkono unamngoja, nyuma ya kichwa, mbali na miiba. Pumzi ni yake tu, hakuna mtungi. Aliionyesha kwa vidole vyake, na vidole vina makovu mpaka kiganjani.

"Tuliwala wenyewe," alisema. "Kamba asubuhi, kamba jioni, mpaka watoto wanalia wakiwaona. Na nyumbani hakuna sukari."

Hapo nikaelewa daftari zote nilizosoma wiki hii. Ukiyafuata madeni kwa tarehe, unaiona korona inavyofika: Kizingitini Januari, Malindi mwanzo wa Machi, Marafa katikati ya mwezi, Matondoni mwishoni. Kijiji kilicho mbali kabisa na Nairobi, usichokifikia ila kwa maji kujaa, ndicho kilichopigwa kwanza, kwa sababu mkate wake ulikuwa unatoka Wuhan na Guangzhou. Wakati serikali inafunga kaunti na kugawa misaada mijini, Kizingitini ilikuwa imeshapoteza msimu wake. Na baada ya hapo likaja kusi, bahari chafu, mawimbi, miezi ambayo mpiga mbizi hawezi kushuka hata kama bei ingekuwapo. Ugonjwa wenyewe, kwa kauli yao, hawajauona kwa macho.

Sasa kaskazi linakaribia. Wapiga mbizi wanahitaji petroli, miwani, na chakula cha kuacha nyumbani. Tajiri hana cha kuwakopesha, ameanza kupata simu za wanunuzi lakini kwa bei ya chini. Mzee mwenye duka hana mali. Anachoniomba ni mkopo mpya juu ya deni ambalo hajalipa hata robo.

Nikampigia ami baada ya isha. Mtandao ulikatika mara mbili. Nilimsomea kurasa, si jumla. Alinyamaza sana. Najua alivyo yeye mwenyewe: Mei, Mji wa Kale wa Mombasa ulipofungwa, aliyekuwa akituuzia tende na viungo alifungiwa humo ndani, na tangu hapo wauzaji wengi wa Mombasa wanataka taslimu. Ami hana pa kuegemea.

"Nipe usiku mmoja," akasema.

Jumapili, Kizingitini

Amepiga kabla ya jua kuchomoza. Pesa nilizopokea Amu nisizirudishe Malindi. Zitanunua mali ya Kizingitini, unga wa mahindi, unga wa ngano, mafuta, mchele kidogo. Sukari na sabuni mzee atanunua taslimu. Deni la zamani liandikwe ukurasa wake, lisichanganywe na jipya, na halitadaiwa mpaka kamba waanze kutoka. Nimemwandikia mzee hivyo kwa mkono wangu, tajiri akiwa shahidi. Mzee akaomba tuongeze katoni mbili za biskuti. Ami akakubali moja.

Marafa itapata gunia mbili za unga na mafuta wiki hii hii, kwa masharti hayohayo. Ya Matondoni bado hatujaelewana. Ami anasema duka lililokwisha kufungwa halikopeshwi, na kwa hesabu ana haki. Mimi nasema yule bwana alifunga kwa sababu alilisha watu Ramadhani nzima, na mtu wa namna ile ndiye anayefaa kukopeshwa kabla ya mwingine yeyote. Nitalisema nikifika nyumbani, na nitalisema bibi akiwapo, maana ami hapingani na mamake.